Chakula Bora Kisiwatenge Mezani

Mume anayepunguza chumvi au mke anayeacha sukari kwa agizo la daktari hana ugonjwa wa akili. Mfungo wa Kwaresima nao una mwisho wake. Lakini mwenzi wako akizidi kukonda, akiogopa nyama ya mbuzi, chai ya maziwa na hata chakula cha harusi hapa Isiolo kwa kuona si safi, usilipuuze jambo hilo. Mwaka 1997 daktari Steven Bratman wa Marekani aliliita othoreksia. Orodha rasmi za magonjwa ya akili bado hazina jina hilo, ila madhara yake ni ya kweli. Usimcheke wala usimlazimishe kula. Mwulize kwa upole anaogopa nini, kisha mwende pamoja hospitalini.

Swali la nyumbani: Je, bado tunakula pamoja?