Mwajiri Aitwe Mapema: Somo Kuhusu Ushirikiano wa Vyuo vya Ufundi na Waajiri



Maombi mengi yanayofika katika ofisi ya miradi kutoka vyuo vya ufundi ni ya majengo na vifaa: darasa, bweni, vyerehani, mashine ya kuchomelea. Ni maombi ya haki. Lakini ni mara chache sana tunapokea ombi la kugharimia safari ya mwalimu kwenda kumwona mwanafunzi wake akiwa kazini. Somo la robo hii linahusu safari hiyo na mambo yanayopaswa kuitangulia.

Lengo la somo: Kila kamati iweze kueleza kwa nini mwajiri aitwe kabla mafunzo hayajaanza, na ijue hatua ambazo usharika unaweza kuchukua.

Fungu la kusoma pamoja: Kutoka 35:30–35. Bezaleli na Oholiabu walipewa ustadi wa kazi, na pamoja nao walipewa moyo wa kufundisha wengine. Kazi na mafunzo vilikuwa mahali pamoja.

1. Tatizo liko wapi?

Mzazi anayeuza ng'ombe ili mtoto wake asome ufundi anatarajia kijana apate kazi au aweze kujiajiri. Kijana akirudi na cheti na kukaa nyumbani, hasara si ya familia hiyo peke yake. Majirani wanaona, na mwaka unaofuata wanasema ufundi haulipi.

Waajiri nao wana maelezo yao. Mwenye gereji anasema kijana alifundishwa kwa injini ya kabureta, wakati magari mengi yanayoingia kwake yanahitaji kupimwa kwa kompyuta. Mwenye hoteli anasema mpishi anajua majina ya vyakula lakini hajawahi kupikia wageni 60 kwa wakati mmoja. Msimamizi wa kiwanda cha nguo anasema msichana alizoea cherehani cha miguu, na mashine ya umeme inamtia hofu. Hakuna kati yao anayesema vijana hawa ni wavivu. Wanachosema ni kwamba waliandaliwa kwa kazi nyingine.

Upo pia mkanganyiko wa vyeti. Katika majaribio ya ufundi ya zamani, Daraja la III lilikuwa la anayeanza na Daraja la I lilikuwa la juu. Katika mfumo wa ngazi wa VETA hesabu imegeuka: Ngazi ya I ndiyo ya kuanzia na Ngazi ya III ndiyo ya juu. Mwajiri aliyezoea mfumo wa zamani akiona "III" anaweza kumhesabu fundi aliyeiva kuwa ni mwanzo. Kijana analipwa pungufu kwa sababu tu hakuna aliyekaa na mwajiri kumweleza.

2. Ushirikiano ni nini?

Katika vyuo vingi mwajiri hukumbukwa mwishoni. Barua huandikwa kuomba awapokee wanafunzi kwa wiki kadhaa za mazoezi. Mwajiri hajui wamefundishwa nini, wala hajaambiwa awafundishe nini. Kijana anafagia karakana, anatumwa chai, na siku ya mwisho fomu yake inagongwa muhuri. Hiyo ni hisani ya mwajiri. Bado haijawa ushirikiano.

Ushirikiano huanza pale chuo kinapoamua kitakachofundishwa. Samaki hukunjwa angali mbichi. Chuo kinachomwita mwenye gereji mapema kitaambiwa ni kazi zipi zinaingia kila wiki, ni vifaa gani vinatumika, na ni makosa gani vijana wapya huyarudia.

Tusidhani kwamba tunamwomba mwajiri jambo geni. Tangu sheria ya mwaka 1994 iliyounda VETA, waajiri wa Tanzania Bara wamekuwa wakichangia mafunzo kwa njia ya tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Mwaka 2021 tozo hiyo iliwekewa waajiri wenye wafanyakazi kuanzia 10, badala ya 4 wa awali, na mwaka 2023 kiwango chake kilipunguzwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya malipo ya wafanyakazi. Anayechangia gharama za mafunzo anastahili kuulizwa mafunzo hayo yaweje.

3. Tunajifunza nini kwa wengine?

Ndugu zetu wa sharika rafiki za Ujerumani wanaufahamu mfumo wa uanagenzi pacha. Kijana hufunga mkataba na mwajiri, hupata posho, na kwa kawaida hukaa kazini siku tatu au nne za wiki na shuleni siku moja au mbili. Sheria inayosimamia mafunzo hayo ilitungwa mwaka 1969, na chemba za waajiri na mafundi ndizo husimamia mitihani.

Hatuwezi kuuhamisha mfumo huo kama ulivyo. Karakana zetu nyingi ni za fundi mmoja na wasaidizi wawili, na mara nyingi fundi mwenyewe hana cheti. Lakini kanuni yake inatufaa: mwajiri ni mwalimu wa pili, naye anajua hivyo tangu siku ya kwanza. Fundi asiye na cheti asidharauliwe. VETA ina utaratibu wa urasimishaji ujuzi, ambao humpima aliyejifunza kazini na kumpa cheti. Chuo kinachomsaidia fundi wa mtaani kupimwa kinajipatia msimamizi wa wanafunzi.

Hapa nchini njia imekwisha kufunguliwa. Mwaka 2017 Serikali ilitoa miongozo ya taifa ya uanagenzi na ya mafunzo tarajali. Sera ya elimu iliyorekebishwa mwaka 2023 imeingiza mkondo wa amali katika sekondari, na utekelezaji wake ulianza Januari 2024. Vijana wengi zaidi watakuwa wakitafuta mahali pa kufanyia mazoezi. Chuo kisichokuwa na makubaliano na waajiri kitakuta nafasi zimejaa.

4. Mambo ya kuandikwa

Makubaliano ya mdomo husahaulika. Karatasi mbili zinatosha, zikieleza yafuatayo:

(a) Kazi atakazojifunza mwanafunzi, moja moja, kwa mfano kubadilisha klachi au kufunga umeme wa jua katika nyumba ya vyumba vitatu.
(b) Jina la fundi atakayemsimamia.
(c) Mwalimu atafika mara ngapi, na nani analipa nauli yake.
(d) Kitabu cha kumbukumbu za kila siku, na nani atatia sahihi.
(e) Nauli, chakula, mavazi ya kazi na posho ya mwanafunzi.
(f) Nani atagharimia matibabu ajali ikitokea.
(g) Kwa wasichana hasa: saa za kazi, mahali pa kulala, na mtu wa kupelekewa malalamiko ambaye si msimamizi wao.
(h) Nafasi ya mwajiri katika kumpima mwanafunzi mwishoni.

Kipengele cha (g) kisiachwe kwa kuona haya. Msichana anayeogopa msimamizi wake ataacha mafunzo bila kusema sababu, na sisi tutaandika kwenye taarifa kwamba alikosa bidii.

5. Nafasi ya kamati ya usharika

Kila Jumapili tunaketi benchi moja na waajiri: mkandarasi, mwenye kiwanda cha mbao, msimamizi wa hoteli. Kamati iorodheshe majina yao, iwaalike watano wakutane na walimu wa chuo, na iwaulize wanahitaji fundi anayeweza kufanya nini. Kazi ya kamati ni kuwakutanisha. Isitumie heshima ya kanisa kumlazimisha mtu amwajiri mtoto wa mzee fulani, maana upendeleo wa namna hiyo huua ushirikiano upesi.

Tujiandae pia kusikia tusilolipenda. Ushirikiano hauzalishi kazi pale zisipokuwepo. Waajiri wakisema mji una mafundi cherehani wa kutosha, chuo hakina budi kupunguza darasa hilo, hata kama jengo lake lilizinduliwa kwa shangwe.

6. Neno kwa wafadhili

Tunawashukuru kwa majengo na vifaa mlivyotoa. Tunaomba sasa mtuulize swali gumu zaidi. Badala ya kuuliza ni wangapi wamehitimu, ulizeni wako wapi baada ya miezi 6 na baada ya miezi 12. Kulijibu kunahitaji orodha ya simu za wahitimu, mtu wa kuwapigia, na nauli ya mwalimu kwenda karakana. Gharama hizi hazipigiwi picha wala kuwekewa jiwe la msingi, na ndiyo sababu huachwa nje ya bajeti. Mashine mpya isiyofanana na ile ya kazini haitamsaidia kijana kama ziara tatu za mwalimu wake.

Maswali ya kujadili

1. Katika usharika wetu, vijana waliohitimu ufundi miaka miwili iliyopita wanafanya nini leo?
2. Ni waajiri gani watano tunaoweza kuwaalika, na nani atawafuata?
3. Chuo kilicho karibu nasi kina makubaliano ya maandishi na mwajiri yeyote? Kati ya mambo manane ya sehemu ya 4, ni yapi yamo?
4. Waajiri wakitushauri kupunguza darasa tulilolichangia sisi wenyewe, tutawajibu nini?

Kamati zijadili somo hili katika kikao kijacho na kuandika majibu katika muhtasari. Majibu ya swali la 1 yaletwe ofisi ya miradi, maana mipango ya vyuo ya mwaka ujao itaanzia hapo.