Kuchagua Pikapu ya Dizeli Iliyotumika: Somo la Mgandamizo na Joto

Katika wilaya za Kasulu na Kibondo, kwenye nyanda za juu za Kigoma, pikapu ya dizeli ni chombo muhimu cha uchumi. Hubeba maharage, mahindi na mihogo kutoka vijijini hadi sokoni, na mara nyingine ndiyo imfikishayo mgonjwa hospitalini. Aghalabu hununuliwa ikiwa imekwisha tumika, kwa akiba ya misimu mingi ya mavuno. Mnunuzi akikosea, akiba hiyo huishia gereji. Makosa mengi ya aina hiyo yaweza kuepukwa na mtu aliyeelewa vyema somo la fizikia juu ya gesi na joto.

Dizeli huwakaje?

Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Mhandisi Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifanikiwa katika majaribio mjini Augsburg mwaka 1897, alitumia kanuni hii: gesi ikigandamizwa kwa haraka hupata joto. Mwanafunzi aweza kuithibitisha kwa pampu ya baiskeli. Azibe tundu kwa kidole, asukume mara kadhaa, kisha aguse sehemu ya chini ya pampu.

Katika injini ya Toyota 1HZ, iliyofungwa katika pikapu nyingi za Land Cruiser, hewa hubanwa hadi takriban sehemu 1 ya 22 ya ujazo wake wa awali. Joto lake hupita nyuzi 500 za sentigredi, na dizeli inyunyizwapo na nozeli huwaka yenyewe. Kwa hiyo ringi za pistoni au valvu zikilika, hewa huvuja. Hewa ikivuja, joto hupungua. Joto likipungua, injini huwa nzito kuwaka.

Hali ya nyanda za juu

Miji ya Kasulu na Kibondo iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa huko ni pungufu ya ile ya pwani kwa karibu asilimia 15. Injini isiyo na tabo hupata oksijeni kidogo, hivyo nguvu zake hupungua. Maji nayo huchemka kwenye nyuzi 95 au 96 badala ya 100. Aidha, barabara ya Kigoma hadi Nyakanazi, ipitayo katika miji hiyo, ilikuwa ya udongo na changarawe kwa miaka mingi. Vumbi lake lina chembe ngumu za mchanga ambazo, zikipenya kichujio, husaga kuta za silinda.

Hatua za ukaguzi

1. Kuwasha injini ikiwa baridi. Mnunuzi afike asubuhi na mapema na kuigusa injini kabla haijawashwa. Ikiwa ina joto, ukaguzi uahirishwe, kwani joto huficha udhaifu wa mgandamizo. Injini ikisumbua kuwaka, huenda plagi za joto zimekufa, au mgandamizo umepungua. Fundi mwenye geji ya mgandamizo ataweza kutofautisha.

2. Moshi. Moshi mweupe kwa muda mfupi wakati wa baridi si ajabu. Ukiendelea injini ikiwa moto, huenda maji yanaingia katika silinda, au dizeli haiungui vyema. Moshi wa buluu ni dalili ya oili kuungua. Moshi mweusi mwingi huonyesha dizeli kuzidi hewa: kichujio kimeziba, au nozeli na pampu zina kasoro.

3. Oili. Oili ya dizeli huwa nyeusi upesi, na weusi huo si ugonjwa. Oili yenye rangi ya maziwa imechanganyika na maji. Kifuniko cha kujazia oili kikifunguliwa injini ikinguruma taratibu, moshi ukitoka kwa kishindo, ringi zimelika.

4. Rejeta. Ifunguliwe injini ikiwa baridi tu. Injini ikiwashwa na mapovu yakatoka mfululizo, gesi inavuja kupitia gasketi. Kifuniko kikague pia: ndicho kihifadhicho kanieneo na kuzuia maji yasichemke mapema.

5. Kichujio cha hewa. Vumbi likionekana ndani ya bomba baada ya kichujio, silinda zimekwisha kulivuta.

6. Mkanda wa taimingi. Katika injini za Toyota 2L na 1HZ hubadilishwa kila kilometa 100,000. Ukikatika, pistoni hugonga valvu. Pasipo kumbukumbu ya kubadilishwa, gharama ya mkanda mpya ihesabiwe katika bei.

7. Chesisi na springi. Zitazamwe nyufa, alama za kuchomelea na majani ya springi yaliyovunjika.

8. Safari ya majaribio. Gari lipande mlima likiwa na mzigo. Gia isiruke, klachi isiteleze, na mshale wa joto usipande kupita kiasi.

9. Hati. Namba za chesisi na injini zilingane na kadi ya gari, na umiliki uhamishwe rasmi TRA.

Maswali

1. Silinda ina ujazo wa sm³ 660 pistoni ikiwa chini, na sm³ 30 ikiwa juu. Tafuta uwiano wa mgandamizo.
2. Kwa nini pikapu iliyowaka vizuri Dar es Salaam mchana yaweza kusumbua Kibondo alfajiri?
3. Muuzaji ameiwasha injini kabla mnunuzi hajafika. Ni kasoro zipi zaweza kufichika?