Kufundisha Kiingereza ng'ambo: nimtumie wakala pesa?

SWALI: Nina miaka 26, nina shahada ya ualimu na ninafundisha Kiingereza sekondari wilayani Iramba, Singida. Wakala ameniahidi kazi ya kufundisha watu wazima Korea Kusini, mwajiri atagharamia viza. Anataka kwanza laki nane. Nimtumie?

JIBU: Usimtumie hata shilingi, mwalimu wangu. Viza ya Korea Kusini ya walimu wa lugha, E-2, kwa Kiingereza kwa kawaida hupewa raia wa nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Tanzania haimo, hata kama Kiingereza unakinywa kama maji. Inaniuma, maana kinachotazamwa ni pasipoti, si ufundi wako darasani.

Mlango wako huenda ni Kiswahili. Mpango wa Fulbright FLTA wa Marekani huchukua walimu vijana, wakiwemo wa Kiingereza, wenye miaka 21 hadi 29, wakafundishe lugha yao vyuoni kwa mwaka mmoja wa masomo. Wanafunzi ni watu wazima. Viza ni J-1, nauli na posho hulipwa na mpango, na kuomba ni bure. Ukimaliza, unarudi nyumbani. Ulizia ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam, kama dirisha limefunguliwa na kama Watanzania wanapewa viza hiyo kwa sasa.

Wakala akikurudia, dai leseni yake na uithibitishe kwenye wizara inayohusika na kazi na ajira. Kisha soma mkataba: jina la shule, mshahara, aina ya viza. Ukiona viza ya utalii, hiyo si ruhusa ya kazi.