Pishi ya Leo

Somo: Kutoka 16:1–30



Wahenga walisema kwamba subira yavuta heri. Methali hii twaipenda, lakini mara nyingi twampa mwenzetu aliye taabuni, wala hatujipi sisi wenyewe. Mwezi huu tujifunze subira kwa wana wa Israeli jangwani.

Walikuwa wametoka Misri mwezi mmoja tu. Chakula kilipokosekana waliwanung'unikia Musa na Haruni. Wakazikumbuka sufuria za nyama, wakayasahau mapigo ya wasimamizi. Nasi ndivyo tulivyo. Karo ya mtoto ikikosekana, au mahindi yakinyauka shambani, twaanza kuzitamani njia tulizoziacha: kwenda kwa mganga, kutoa rushwa, kupunja kipimo dukani. Shida huifanya Misri ionekane njema.

Mungu alisikia manung'uniko yao akawapa mana. Yatupasa kuangalia jinsi alivyoitoa.

Kwanza, aliitoa ya siku kwa siku, pishi moja kwa kila mtu. Waliobakiza mpaka asubuhi waliikuta ina mabuu na inanuka. Je, kuweka akiba ni dhambi? Hasha. Siku ya sita waliamriwa kuokota pishi mbili, na haikuharibika. Yusufu naye aliweka nafaka ya miaka saba. Kosa lao lilikuwa akiba ya hofu, kana kwamba Mungu wa leo hatakuwapo kesho.

Pili, mana iliokotwa asubuhi. Jua lilipokuwa kali iliyeyuka. Basi kumtumaini Mungu si kukaa kivulini tukingoja. Mwenye subira huamka, hulima, hupanda, kisha humwachia Mungu lile asiloliweza, yaani mvua.

Tatu, aliyeokota nyingi hakuzidiwa, na aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Mtakatifu Paulo aliikumbuka habari hii alipowaomba Wakorintho wawachangie watakatifu maskini wa Yerusalemu (2 Wakorintho 8). Huko Yerusalemu haikushuka mana. Mungu aliwalisha kwa mikono ya ndugu zao.

Hapa, ndugu, somo linatugusa. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, mvua zilipungua misimu mitano mfululizo katika sehemu nyingi za kaskazini na mashariki ya Kenya. Mifugo mingi ilikufa. Watu wale walisali, tena walisubiri. Je, tungewaambia kwamba imani yao ni haba? Mtume Yakobo awaonya wale wamwambiao ndugu mwenye njaa aende kwa amani, nao hawampi kitu (Yakobo 2:15–16). Twakiri kwamba tumelifanya jambo hilo. Tumemhimiza jirani asubiri, hali ghala yetu ina magunia na kufuli mlangoni. Huenda pishi aliyoomba kwa Mungu ilikuwa imewekwa kwetu.

Tena tuangalie kwamba katika Sala ya Bwana hakuna aombaye riziki yake peke yake. Sote twaomba iwe yetu, na twaiomba ya leo. Aombaye hivyo hawezi kula akiwa amempa jirani kisogo.

Basi, aliye na shida asione haya kuwaambia wenzake kanisani. Naye aliyejaliwa asingoje kuombwa. Tukifanya hivyo, kungoja hakutakuwa mzigo wa mtu mmoja.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Ni "sufuria" gani ya Misri tunayoitamani tunapopungukiwa?
2. Akiba yetu ni ya busara au ya hofu? Tutajuaje?
3. Ni nani karibu nasi anayengoja pishi ya leo?

Tuombe: Ee Bwana, uliyewalisha watu wako jangwani, utufundishe kungoja bila kunung'unika, kufanya kazi bila hofu, na kugawa bila choyo; kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.