KUWAZUIA PANYA GHALANI NA NYUMBANI

Mkulima, panya jike huchukua mimba majuma 3 tu. Ukiwasaza wawili, dume na jike, wakati wa mavuno, watakuwa kundi kabla ya kupanda. Basi usiweke mahindi katika nyumba ya kulala. Jenga ghala juu ya miguu yenye urefu wa futi 3, na kila mguu uuvike kofia ya bati, mdomo mpana ukitazama chini, ili panya apandaye asipite. Fyeka majani pande zote. Ziba kila tundu lipitishalo kidole. Tega mitego kando ya ukuta, maana ndiyo njia yao. Ukiona panya wengi wamekufa pasipo sababu, usiwashike kwa mkono: viroboto wao huleta tauni. Peleka habari hospitali upesi.