MAJI YA MVUA NA PAMPU YA NYUMBANI: KILA KITU KWA KIPIMO



Wapenzi wanafunzi, somo letu la mwaka huu linatokana na hasara iliyotupata wenyewe hapa madrasa. Wazazi walichanga fedha, tukajenga tangi la maji ya mvua kule bondeni na kununua pampu ya umeme. Muuzaji alisema pampu ile inavuta maji kutoka mita 8 chini. Sisi tuliiweka juu, kando ya ukumbi wa kusomea, na kutoka hapo hadi kwenye maji ilikuwa mita 7. Tukawasha. Ikanguruma, lakini maji hayakuja. Tukaiacha tukidhani yanakaribia, mpaka tukasikia harufu ya kuungua. Michango ya wazazi ikateketea kabla ya Adhuhuri, na watoto wakarudi kwenye ndoo na kuchelewa vipindi.

Kosa halikuwa la mvua wala la muuzaji. Tulikosa kupima. Basi tujifunze.

1. MVUA INATOSHA, TANGI JE?

Mkoa wetu wa Njombe una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Kuanzia Juni hadi Oktoba ni kiangazi. Makambako ni kukavu zaidi kuliko Njombe mjini na milima ya Kitulo, lakini hesabu ni ile ile: milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ya paa huleta lita 1 ya maji.

Chukua nyumba yenye paa la bati la mita 8 kwa 10, yaani mita za mraba 80. Mvua ya mwaka ikiwa milimita 1,000, paa litapokea lita 80,000. Toa sehemu moja ya tano kwa yanayomwagika na kukauka, zinabaki lita 64,000.

Sasa pima matumizi. Watu 6, kila mmoja lita 20 kwa siku, ni lita 120. Kiangazi cha siku 150 kinahitaji lita 18,000. Mwenye tangi la lita 5,000, likijaa mwishoni mwa Mei, litakauka kabla ya katikati ya Julai. Kwa hiyo anayelalamika kwamba mvua haitoshi, mara nyingi kinachomtosha kidogo ni tangi.

2. KUKUSANYA

Mifereji ya paa iinamishwe kuelekea tangini, sentimita 1 kwa kila mita 1 ya urefu. Mvua ya kwanza baada ya ukame huosha vumbi, majani na kinyesi cha ndege, hivyo isiingie tangini. Kwa paa letu la mfano, mwaga walau lita 40 za mwanzo, yaani madumu mawili. Tangi lifunikwe lisipate mwanga, maana mwanga huotesha ukungu wa kijani. Kila tundu liwekwe wavu wa kuzuia mbu. Mfuniko wa tangi la ardhini ufungwe kwa kufuli, kwa ajili ya usalama wa wadogo zenu.

3. KWA NINI PAMPU YETU HAIKUVUTA?

Wengi hudhani pampu huvuta maji kama mtu anayevuta kamba. Sivyo. Pampu huondoa hewa ndani ya bomba, kisha uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji kupanda. Kule pwani, usawa wa bahari, hewa inaweza kuyapandisha maji kama mita 10 kwa hesabu ya vitabuni. Lakini ukipanda milima hewa huwa nyepesi. Njombe mjini, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mita 10 zile zinakuwa kama 8. Uwanda wa Kitulo, wenye mita 2,600 na zaidi, zinakuwa kama 7 na nusu. Ukiondoa msuguano wa bomba, kona na viungio, huku kwetu usivuke mita 5.

Mita 8 za muuzaji zilikuwa za Dar es Salaam. Pampu haikuwa mbovu, tuliipandisha mlimani bila kupima.

Kusukuma ni jambo jingine. Maji yakishapita ndani ya pampu, nguvu ya mota ndiyo inayoyapandisha. Kwa hiyo pampu ya pili tuliishusha bondeni, kando ya tangi. Inavuta mita 2 tu, kisha inasukuma hadi tangi dogo lililo juu ya mnara. Inafanya kazi hadi leo, alhamdulillah.

4. KUFUNGA

a) Kama tangi liko juu ya ardhi, weka pampu chini ya usawa wa maji ili yaingie yenyewe.
b) Bomba la kuvutia lisiwe jembamba kuliko mdomo wa pampu, na liwe na kona chache. Kiungio kinachopitisha hewa, hata kama hakivuji maji, hukatisha mvuto.
c) Mwisho wa bomba uwe na chujio na vali ya kuzuia maji yasirudi, na ukae sentimita 15 hadi 20 juu ya sakafu ya tangi usivute matope.
d) Waya zifungwe na fundi umeme aliyesajiliwa, pamoja na waya wa ardhini na swichi ya kukata umeme. Pampu ijengewe kibanda.

5. KUENDESHA

a) Hakikisha tangini mna maji.
b) Fungua kizibo cha juu ya pampu, jaza maji hadi yafurike, kisha funga.
c) Washa kwa mkono mkavu. Maji yasipotoka baada ya dakika 2 au 3, zima. Maji ndiyo yanayopoza pampu, na ikizunguka bila maji huungua.
d) Usiondoke hadi tangi la juu lijae, ila kama kuna boya la kuzima lenyewe.
e) Miezi ya Juni na Julai, penye sakitu, fungua kizibo cha chini umwage maji usiku. Maji yakiganda hutanuka na kupasua pampu.

6. TWAHARA NA KUNYWA

Mnajua kutoka darasa la fikihi kwamba maji ya mvua ni twahara na yanatwaharisha. Mmesoma pia kwamba maji yaliyofika kullateni, ambayo hukadiriwa kuwa lita 200 na ushei, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi, isipokuwa yakibadilika rangi, ladha au harufu. Basi tangi la lita 5,000 lililodondokewa na kinyesi cha ndege, maji yake yasipobadilika, udhu wake ni sahihi.

Lakini msichanganye mambo mawili. Maji yanayofaa kwa udhu si lazima yawe salama kwa kunywa. Vijidudu vya kuharisha havina rangi wala harufu. Ya kunywa yachemsheni. Na kwa kuwa huku milimani maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, yaacheni yatokote dakika 3 kamili.

HITIMISHO

Mafundisho ya Mtume (S.A.W.) yanatuonyesha kwamba mudi moja inatosha udhu, nayo haifiki lita moja. Wanafunzi 60 wakitawadha kwa lita 5 kila mmoja huku koki iko wazi, ni lita 300 kwa swala moja. Wakitumia lita moja, ni 60. Pampu nzuri haimsaidii mwenye israfu.

MASWALI

1. Paa la msikiti ni mita 12 kwa 15. Mvua ya milimita 20 italeta lita ngapi?
2. Kwa nini pampu inayofaa Tanga inaweza kushindwa Kitulo?
3. Pima umbali kutoka pampu ya nyumbani kwenu, au ya jirani, hadi kwenye maji. Je, unazidi mita 5?

Wabillahi tawfiq.