SOMO: Je, tuchunguze mila tunapokabili makundi ya uhalifu?

Vijana wakipora au wakiua kwa kundi, mara nyingi mtu husema: "Ni mila yao." Mwingine anakataza kabisa mila kutajwa, kwa hofu ya ukabila. Kwetu jibu ni ndiyo, ichunguzwe, lakini isiwe swali la kwanza.

Tazameni Anioto, "watu-chui" wa Wabali, upande wa Bafwasende. Waliua kwa makucha ya chuma ili ionekane ni chui. Wabelgiji waliona ushenzi tu, na katika miaka ya 1930 wakawanyonga wengi. Lakini nyuma ya mauaji mengi kulikuwa na ugomvi wa uchifu: nani aliwekwa na mkoloni, nani alipokonywa. Mila ilitoa siri na kiapo. Kitanzi hakikumaliza ugomvi ule.

Simba nao, walioteka mji huu Agosti 1964, walipewa dawa yenye miiko: usiibe, usiguse mwanamke, usirudi nyuma. Aliyepigwa risasi alisemwa amevunja mwiko. Basi dawa ilikuwa imani, na pia nidhamu ya jeshi. (Askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka hapa hapa, kwenye uwanja wa ndege wa Simi-Simi, tarehe 24 Novemba.) Hata hivyo dawa haikuwaingiza vijana msituni. Lumumba alikuwa ameuawa mwaka 1961, na uhuru ulioahidiwa haukuwafikia.

Mwaka 2023, ng'ambo ya mto, Lubunga, Wambole na Walengola walianza kuuana. Nyumba zilichomwa, maelfu wakakimbilia upande wetu. Chanzo kilikuwa ardhi iliyotolewa kwa kampuni ya mashamba. Ukisema "vita ya kabila" unamficha aliyetoa ardhi. Lakini ukiwaacha wakuu wa koo nje ya mazungumzo, karatasi ya ofisi peke yake haitawarudisha watu mashambani, kwa sababu kwao ardhi ni ya ukoo na wao ndio wanaosikilizwa.

Kwa hiyo mkutanapo na kundi lolote, ulizeni kwanza: linapata nini, na nani analituma? Halafu: kijana anaingizwaje, anafungwa kwa kiapo gani, na ni mzee gani, mchungaji au mganga, anayeweza kumfungua bila kuuawa?

Kwa mazungumzo ya kikundi:
Katika mtaa wenu, kijana anayetaka kutoka kundini leo angeenda kubisha mlango wa nani usiku?